Mlango wa Familia Fulani

Mpendwa Mshauri,

Barua hii naiandika mwanzoni mwa mwezi kwa makusudi, kwa sababu jambo lenyewe litanifikia Jumapili ya mwisho, na najua gazeti lenu lina foleni. Usinitaje jina. Mume wangu hasomi ukurasa huu, gazeti hulitandika sakafuni anapopaka vanishi, lakini tahadhari ni tahadhari.

Mimi ni mtunza stoo wa shule ya bweni, mama wa pacha wa kike, na mume wangu ni seremala. Nasema seremala, sisemi mtu mwenye nyundo. Kanisani kwetu ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na ukiingia mle kila unachokiona cha mbao kimepita mikononi mwake bila malipo, mabenchi, mimbari, sanduku la sadaka, ngazi ya kupandia kwenye kengele, na nyuma ya nyumba ya mchungaji kuna banda la kuku lenye mlango wa bawaba tatu na komeo. Kuku wa mchungaji wanalala wamefungiwa. Sisi bafuni kwetu tuna pazia.

Pazia hilo liliwekwa kwa muda tulipohamia nyumba hii, ambayo ameijenga mwenyewe, na kwa kuwa huandika shajara kila jioni najua kwamba wakati huo pacha walikuwa darasa la tatu, na sasa wako sekondari. Nimemkumbusha kwa upole, nimemkumbusha kwa kununa, na kila mara jibu ni, "Mama Pacha, wiki ijayo," wala hadanganyi, maana wiki ijayo ikifika huwa anatengeneza mlango kweli, ila ni wa mtu mwingine. Kinyozi hajinyoi, nalijua hilo, lakini kinyozi huenda kwa kinyozi mwenzake, na huyu wangu hataki fundi mwingine aguse nyumba yake.

Tulikuwa tumezoea. Kwetu komeo ni sauti: aliye bafuni anaimba, akinyamaza ujue amemaliza. Pacha wanaimba mapambio, mimi nina wimbo wa zamani wenye beti nyingi, na baba yao anaimba besi ya kwaya, ambayo ikiwa peke yake haieleweki ni wimbo gani, lakini mtu unajua usiingie.

Mwaka huu mama mkwe alivunjika nyonga, akapasuliwa, akaja kuuguzwa kwetu. Ni mtu wa shoto, na anaoga akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Kuimba alikataa. Alisema, "Mwanangu, mimi nikiwa sina nguo siimbi nyimbo za Mungu." Tukakubaliana awe anakohoa. Sasa siku moja kikohozi kilimwishia, na jirani yetu msusi akawa amekuja kuchota maji, akafunua pazia na ndoo mkononi. Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema, "Karibu."

Jioni aliniita chumbani kwake. "Mkwe wangu, mwezi ujao ukiisha narudi kwangu." Kwake anaishi peke yake, na kuna ngazi, na daktari alitaja ngazi kwa jina. Nikamwambia basi tumweleze mwanawe. "Usimwambie," akasema. "Mtu aliye kwenye kazi ya Mungu hasumbuliwi kwa habari ya pazia."

Ndipo nilipofanya nililofanya. Katika umoja wetu wa wanawake tuna desturi kwamba mwenye shida ya aibu hasemi ni yake, anasema "kuna familia fulani naifahamu," wenzake wanaomba, na hakuna anayeuliza. Mara nyingi familia fulani ni ya msemaji mwenyewe, na adabu ni kutolijua hilo. Nikasimama nikasema kuna familia fulani bafu lao halina mlango, tuwakumbuke. Sikusema neno zaidi ya hapo, na hakuna aliyenishuku, maana nani atadhani nyumba ya seremala haina mlango. Nilichotaka ni maombi. Lakini Mama Mwenyekiti wa umoja wetu si mtu wa kuishia kwenye maombi, na wiki haijaisha jambo likawa mezani pa kamati ya ujenzi.

Mume wangu alirudi kutoka kikaoni amevimba. Aliketi kula, akaisukuma sahani.

"Mama Pacha, unajua humu kanisani kuna watu wanaoga nyuma ya tambara?"

"Nimesikia," nikasema.

"Umesikia, umenyamaza. Nyumba hiyo haina baba? Baba wa namna gani huyo, analalaje usingizi?"

Wakati huo mmoja wa pacha alikuwa bafuni, anaimba.

"Mwambie apunguze sauti," akasema. "Tunazungumza."

Kwa kuwa anayeifahamu familia ile ni mimi peke yangu, nikatumwa kwenda kupima. Akanipa futi yake ya chuma, ile asiyomwazima mtu. Nilitoka nayo, nikakaa kwa msusi mpaka nikaona muda umetosha, nikarudi na vipimo nilivyokuwa nimevichukua asubuhi ile ile bafuni kwetu.

Alivitazama. "Fremu hii juu ni pana kuliko chini."

"Ndivyo ilivyo."

"Fundi aliyeitia alikuwa anakimbilia wapi?"

Nakumbuka vizuri alikokuwa anakimbilia. Alikuwa amechelewa kikao cha kamati.

Akavitazama tena vile vipimo, akatoa penseli sikioni, akairudisha, akasema, "Sawa." Jioni hiyo alioga bila kuimba, nasi tukakaa sebuleni hatujui kama bafuni kuna mtu au hakuna.

Tangu hapo mlango anautengenezea nyumbani, si karakanani. Vijana wa kamati walipokuja kumsaidia aliwapa chai akawarudisha. Mshauri, mlango kama huo sijauona tangu niolewe. Ameupiga randa, ameupiga msasa mkubwa, msasa mdogo, na sasa anaupapasa kwa kiganja kama anatafuta kitu. Kitasa amekiweka chini, mtu aliyeketi akifikie, na kwa aliye ndani kiko upande wa kushoto. Ndani amepigilia mshikio wa mbao wa kujiinulia. Bawaba amezipanga ufungukie nje, na nilipomuuliza kwa nini nje, alisema, "Mtu akianguka mle ndani, mlango wa kufungukia ndani atauzuia kwa mwili wake."

"Kwani watu hao unawajua?"

"Nawafikiria," akasema.

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Miaka yote hii hajatufikiria sisi, na watu ambao hajawahi kuwaona anawafikiria mpaka mkono wanaoutumia. Mama mkwe naye huketi pale karibu, anapitisha mkono kwenye mbao. "Mlango mzuri huu, baba," anamwambia mwanawe. "Wana bahati hao." Mwanawe anaendelea na msasa.

Sasa Mama Mwenyekiti amekuja kuuona. Ameuzunguka, kisha akatamka kwamba kazi ya namna hii haiwezi kutolewa gizani, kwa hiyo Jumapili ya mwisho wa mwezi mlango utasimamishwa mbele ya kanisa, mume wangu ataushika, mchungaji ataombea, na mimi nitaileta ile familia isimame ionekane. Desturi yetu ya kutotaja imewekwa kando kwa sababu ya uzuri wa mlango.

Nikisimama mimi na wanangu, mume wangu atakuwa pale mbele ameushika mlango kwa mikono miwili, hata pa kuficha uso hana, na kila mtu atajua baba yule alalaye usingizi ni nani. Nisiposimama, mlango utatafutiwa familia nyingine, na kesho yake mama mkwe anarudi kwenye ngazi zake. Msusi, ambaye nimemweleza yote kwa kuwa mengine alishayaona, amejitolea kusimama yeye na watoto wake. "Shoga, mimi nitasimama, hata kulia nitalia. Jioni mje mchukue mlango wenu." Lakini nimemwona anavyoutazama ule mlango, na wake umelegea.

Nipo tayari kufanya utakaloniambia, ila naomba liwe jambo linalofanyika.

Mama Pacha

*

MSHAURI ANAJIBU:

Mama Pacha, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli. Pole. Na ile "Karibu" ya mama mkwe wako nimeikubali. Mpe salamu zangu.

Sasa nikugombeze. Umeuambia umoja wa wanawake, umemwambia Mungu, umemwambia msusi, na leo umewaambia wasomaji wote wa gazeti hili. Aliyebaki bila kuambiwa ni mtu unayelala naye kitanda kimoja. Utasema ulimwambia miaka yote. Ulimwambia habari za pazia. Kwamba mama yake mzazi anaondoka kwa ajili ya pazia hilo, hukumwambia, na hayo ni mambo mawili. Mama alikukataza, ndiyo, lakini kumtii mkwe hakufiki mahali pa kumwachia avunjike nyonga ya pili.

Halafu wewe, mtu wa stoo, unayehesabu mashuka ya wenzako yasipotee, umeandika ushahidi wote kwa mkono wako na hukuuona. Kanisani ulisema bafu halina mlango, basi. Hukusema kuna mgonjwa, wala mtu anayeoga ameketi, wala mtu wa shoto. Nani alimwambia kitasa kikae chini, tena kushoto? Nani alimweleza kwamba kuna mtu anaweza kuanguka mle? Kabla ya vipimo alimsema yule baba mezani mpaka sahani ikasukumwa. Baada ya vipimo, katika barua yako yote, hajamtaja tena. Uliyempelekea vipimo ni seremala, na seremala anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mkewe, lakini fremu aliyoipindisha kwa mkono wake haisahau.

Mumeo anajua. Amejua tangu ile "Sawa." Ameona haya mpaka hata besi yake imemkauka, na kwa kuwa kusema hawezi, anapiga msasa. Wewe unamficha jambo analolijua, yeye anakuficha kwamba analijua, na kati yenu ameketi mama mtu mzima anasifu bahati ya watu wengine.

Simtetei. Kuku walitangulizwa, watoto wake hawakutangulizwa, na hilo ana deni nalo kwenu, si kwa kanisa. Lakini lidai nyumbani, milango ikiwa imefungwa. Mingine mnayo, nadhani.

Fanya hivi. Msusi mshukuru, mwambie akae kitako na atulize moyo kuhusu mlango. Jumapili usiisubiri. Wiki hii, jioni moja mkiwa nyote nyumbani, mwambie: "Baba Pacha, kabla hujaupeleka, hebu ujaribu kwenye fremu yetu." Nyamaza hapo. Usiseme "hatimaye." Usimtazame kwa jicho la pembeni. Fremu nyingine iliyopinda vile hakuna, kwa hiyo utaingia. Ukishaingia, simama karibu umpe skrubu moja moja, na katikati ya kazi mwambie mama yake alipanga kuondoka mwezi ukiisha. Huo ndio uchungu wako halisi, useme kwa maneno hayo hayo machache. Akijibu, sikiliza, usimmalizie sentensi. Asipojibu, mpe skrubu nyingine. Kumwomba mama abaki ni kazi ya mwanawe, wewe usiifanye.

Na kama nimekosea, kama kweli alikuwa hajui, basi atajua wakati mlango unakaa kwenye fremu, na atajua akiwa nyumbani kwake na mkewe, si mbele ya mabenchi aliyoyatengeneza.

Kesho yake nenda kwa Mama Mwenyekiti. Mwambie mlango umefika, familia inashukuru, na inaomba isitajwe. Hakuna hata neno moja la uongo hapo. Akianza habari za uzuri wa mlango, mkumbushe kwamba desturi ya kutomtaja mwenye shida ilikuwepo kabla ya mlango huo, na familia fulani ijayo inaweza kuwa yake. Jumapili mumeo atasoma taarifa ya kamati kama kawaida, mlango mmoja, umekwisha kufungwa, na wewe utakaa kwenye benchi lako ukisikiliza kama mtu mwingine yeyote.

Na iwapo ukurasa huu leo umetandikwa sakafuni chini ya kopo la vanishi, na jicho la mtu fulani limeuangukia: baba, fremu utainyoosha siku nyingine. Anza na mlango.

Wa kwanza kuoga awe mama mkwe. Ninyi wengine kaeni sebuleni. Msiposikia wimbo wala kikohozi, mtu asiinuke kwenda kuchungulia. Mlango unafanya kazi.