Mzee wa Kwenye Tovuti

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe pamoja na wifi yangu na watoto. Je, kile kikohozi cha mdogo kimeisha? Na wifi bado wanampanga zamu za usiku? Mwambie apumzike, tena mwambie ni amri ya shangazi wa watoto wake. Sisi huku afya tunayo. Mama miguu inamvimba akisimama sana, lakini ukimwambia akae anakuuliza kama umewahi kuona kochi likivalishwa kitambaa na mtu aliyekaa. Randa, fundi wetu wa mbao, yuko vilevile, siku ikipita bila kusikia sauti yake hatushtuki. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaochemka. Ningekutumia ujumbe wa simu, ila wewe ujumbe ukirefuka kidogo unanijibu kwa picha ya kidole gumba, na hili si jambo la kidole gumba.

Ni kuhusu ile tovuti.

Sikatai, ulitutendea wema. Ulituona tunavyosubiri wateja waletwe na majirani, ukanunua kile kiolezo, tovuti iliyokwisha kujengwa, ukanipa neno la siri ukasema hakuna kazi hapo: nibadilishe maneno, nibadilishe picha, nichague rangi, basi, itakuwa yetu. Nilifurahi sana. Nikaiweka kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa, Mama akasimama nyuma yangu na pini zake mdomoni, nikajua kufikia jioni nitakuwa nimemaliza. Mdogo wangu, lile “basi” lako limenitoa jasho.

Kwanza kiolezo chenyewe kilitengenezwa kwa ajili ya washauri wa biashara. Kila ukigeuka ni majengo ya vioo na watu wenye suti wanapeana mikono. Nikatoa majengo nikaweka makochi. Kumbe nafasi ya picha ni ndefu na nyembamba, kwa hiyo kochi la watu watatu likakatwa likabaki la mtu mmoja na nusu. Nikarudi nyuma nikalipiga picha upya, safari hii likaenea lote, pamoja na nguo za ndani za jirani zilizoanikwa ukutani. Mama naye akataka rangi yetu, damu ya mzee, ile ya mlangoni, ile ya ukanda anaoushona kwenye ukingo wa kila kochi linalotoka hapa ili akilikuta kwa mtu alitambue. Nikaiweka. Maandishi ya vitufe yote yakapotea, maana nayo yaligeuka damu ya mzee. Nikayafanya meupe, yakapotea yale yaliyokuwa kwenye sehemu nyeupe. Nilipoirudisha buluu iliyokuja na kiolezo, Mama akaniuliza kama tumeanza kuuza dawa ya meno.

Tena kulikuwa na kitufe kilichoandikwa “Omba ushauri wa faragha” ambacho kila nikikifuta ukurasa mmoja kinachipuka mwingine. Mama mmoja akakibonyeza, akatuandikia kwa kirefu kwamba mumewe amemnunia na hajui afanye nini. Nilitaka kumjibu kwamba amekosea mlango. Mama akanizuia, akasema mwambie alete viti vyake tuzungumze. Akaja kweli, na viti vyake vya chakula, wakazungumza mpaka chai ikapoa. Huyo ndiye mteja wetu wa kwanza wa mtandaoni. Nakusimulia haya ujue kwamba kucheka nilicheka, sikuanza na hasira.

Hasira ilianzia kwenye ule ukurasa wa “Watu Wetu”. Unaukumbuka, una maduara manne ya sura, mawili juu na mawili chini, na kila duara lilikuja na mtu wake. Nikamtoa mmoja nikaweka Mama, nikamtoa wa pili nikajiweka mimi, wa tatu nikaweka Randa. La nne lilikuwa lako. Ubao wetu mlangoni umeandikwa Mama na Wanawe, na nawe ni mwana, hata kama uko mbali. Nikakuomba picha, ukasema kesho. Nikijaribu kulifuta duara hilo kwa muda, Randa ananing'inia chini peke yake kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Basi nikamwacha aliyekuja nalo: mzee wa mvi na miwani, kakunja mikono kifuani, anatabasamu kidogo tu, na chini yake pameandikwa “Mkurugenzi”. Nilijua atakaa hapo mpaka picha yako ije. Hiyo kesho yako mpaka leo sijaiona.

Wateja wakaanza kumuulizia. Wa kwanza alipiga simu akataka kuongea na yule mzee mwenye miwani. Nikamwambia hayupo, jambo ambalo lilikuwa kweli. Wa pili alikuja mwenyewe, Mama akampimia kochi lake, akamweleza sponji ipi itadumu na ipi itabonyea, mteja akaitikia kila kitu kwa adabu, kisha akauliza kama mzee naye ameafiki. Mama akamtazama, akasema mzee ameafiki. Alipoondoka tulicheka mpaka Randa akaacha msumeno.

Baada ya hapo Mama akamfanya mzee yule mtu wa nyumbani. Mteja akitaka kazi ya wiki ifanywe kwa siku mbili, Mama anasema atamuuliza Mzee. Mteja akileta kitambaa kibovu, Mzee amekataza vitambaa vya aina hiyo. Kila alichowahi kukisema mwenyewe kwa miaka yote akabishiwa, sasa alikisema kwa jina la Mzee na kikapita bila ubishi. Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Nikaangalia jinsi watu wanavyozungumza na Mama huku wanachungulia nyuma yake, kwenye mlango wa stoo, wakidhani mwenye kazi atatokea huko. Stoo kuna sponji na panya.

Ndipo akaja meneja wa ule ukumbi mkubwa wa mikutano. Wanataka viti vyote vya ukumbi vivalishwe upya, na unaijua kazi ya namna hiyo maana yake nini kwetu. Si kazi ya kupatia chakula cha wiki tu, ni kazi ambayo watu wakikalia wanauliza nani kashona. Mama akamwonyesha kila kitu. Alimpindulia kochi akamwonyesha tumboni mwake, pale ambapo mafundi wengine wanaficha uchafu wao, jinsi kila pini ya stepla ilivyokaa mstari. Meneja akasifu. Kisha akasema amefurahi sana, atarudi na mkataba siku ambayo Mkurugenzi atakuwepo. Mama akasema Mkurugenzi yuko safarini, atarejea karibuni. Nilimkodolea macho, yeye akainama kuokota pini ambazo hazikuwa zimeanguka.

Jioni ya ile Jumapili uliyompigia Mama, nilikuwa jikoni, nikawasikia mnacheka. Kesho yake asubuhi, kabla hata hatujafungua madirisha ya karakana, Mama akaja na kusema, “Ile picha yangu itoe. Mwache Mzee.”

Nilidhani anatania. Akasema hana sura ya kupigwa picha, ameonekana kapauka, kitambaa cha kichwani kimekaa upande. Nikamwambia nitampiga nyingine. Akasema hataki nyingine. Tulibishana asubuhi yote, nawe unamjua, ukibishana naye anazidisha kasi ya mkono, cherehani ikawa inapiga kelele mpaka nikashindwa kusikia sauti yangu. Nikaitoa. Randa akaja nyuma yangu, akaangalia kioo cha kompyuta, akasema kama Mama hayupo naye atolewe. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nikamtoa. Tukabaki mimi na Mzee, wawili juu, ukurasa ukanyooka kwa mara ya kwanza tangu uniletee hilo balaa. Ubao mlangoni unasema Mama na Wanawe, na kwenye tovuti hakuna mama. Nililia, mdogo wangu, na si kwa sababu ya kompyuta.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo najua umeshalisikia nusu, maana Mama alikuambia kwa simu kwamba kazi ya ukumbi imeyumba na hakukuambia kwa nini. Aliyeiyumbisha ni mimi.

Meneja alirudi na mkataba. Safari hii alikuja na msaidizi wake, kijana wa kike mwenye kompyuta ndogo, ambaye alikuwa ameifungua tovuti yetu ahakikishe. Akatazama kwenye kioo, akanitazama mimi, akanitambua. Kisha akamtazama Mama, ambaye alikuwa amepiga goti chini ya kiti akikivuta kitambaa kwa meno, akauliza kwa heshima kabisa huyu mama ni nani, mbona hayumo.

Mama akainuka. Akajifuta mikono kwenye gauni, akatabasamu, akasema, “Mimi ni msaidizi wa Mzee.”

Nakuapia sikupanga. Maneno yalitoka yenyewe. Nikawaambia huyo Mzee hayupo, hajawahi kuwepo, amekuja na tovuti kama ilivyokuja ile rangi ya buluu. Nikawaambia kila kochi walilolisifu, kila stepla, kila ukanda, ni mkono wa huyu mama, na kwamba hata mimi na Randa tumefundishwa naye. Nilisema kwa sauti kubwa kupita kiasi. Meneja akaukunja mkataba, akasema hana tatizo na mafundi wanawake, tatizo lake ni kwamba aliambiwa yuko safarini mtu ambaye hayupo duniani. Akasema atawasiliana nasi. Hajawasiliana. Na siwezi kumlaumu, ndicho kinachonichoma zaidi. Tungemwambia ukweli siku ya kwanza, leo tungekuwa tunapakia viti vyake.

Mama hakunigombeza. Alirudi chini ya kiti, akamaliza kukivalisha. Nilimfuata, nikakaa sakafuni, nikamuuliza kwa nini ajishushe hivyo kwenye karakana aliyoijenga mwenyewe, mbele ya watu waliokuja kumpa kazi. Nikamuuliza mara nyingi, nikiwa nimepandwa na hasira, mpaka akachomoa pini mdomoni.

Akasema, “Mwanangu mwenyewe ameniambia tumwache yule mzee, anatupa hadhi. Sasa nibishane na nani?”

Ni wewe huyo. Ni ile Jumapili.

Najua ulikuwa unatania. Nakujua sauti yako ukitania, na hata yeye alicheka, nilimsikia kwa masikio yangu. Alikusimulia vituko vya Mzee ili ufurahi, nawe ukafurahi, ukatupia na neno lako moja, mkaagana vizuri. Kisha akakata simu, akakaa nalo usiku huo, na asubuhi akaja kuomba sura yake iondolewe. Watu wa barabarani wakimpita kumtafuta mwanamume mwenye miwani, anawamudu, amewazoea tangu sisi hatujui kutembea. Kutoka kwako hakulitegemea.

Nimemfuta Mzee. Nilimfuta siku ileile, bila kumuuliza mtu, nami nikajitoa, na sijali maduara yamekaaje. Ukurasa wa “Watu Wetu” sasa hauna mtu hata mmoja. Picha ya Mama nimeirudisha na ameamuru niitoe, nimeirudisha tena na ameamuru tena. Mimi nikimwambia anastahili kuwepo pale, anasema namdekeza. Randa akimwambia, na Randa amemwambia, anamtuma misumari. Rangi nitaipatia, vitufe nitavishinda, picha nitajifunza kuzikata, hata kama ni kwa kung'oa nywele zangu. Hili moja siliwezi, halina mahali pa kubonyeza.

Kwa hiyo mpigie. Usimweleze kuhusu barua hii, wala usijitetee kwamba ulikuwa unatania, atakuambia yameisha na atakutakia siku njema. Muulize picha yake iko wapi. Mwambie umeitafuta kwenye tovuti hujaiona. Mpigie mchana, akiwa kazini, atakuambia ana shughuli. Usikate.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto wote, na huyo wa kikohozi mfunge kitu shingoni asubuhi. Randa anakusalimu kwa kutikisa kichwa, nimeitafsiri hivyo. Salamu za Mama sina, kwa kuwa hajui kama nimekuandikia. Zifuate mwenyewe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na leo nimekasirika.