Bunduki Yenye Ilikuwa Inang'ara

Mujukulu wangu Mwape,

Yambo huko Afrika ya Kusini. Hapa kwetu, mu mutaa wa Hewa Bora, tuko bazima, na dada yako amezaa mutoto mwanaume.

Uliniuliza: kati ya zile revolveri mbili za okazyo, zenye bantu bengine balishatumia, gani itafaa kartushi zenye unajijazia baruti mwenyewe?

Kule Kasenga, wakati tulikuwa vijana, muwindaji mumoja muzee alitugawia bunduki mbili, miye na kaka yangu mukubwa Kalenga. Moya ilikuwa inang'ara, ingine kitako yake ilifungwa na waya. Akaniambia: "Weye mudogo, chagula." Sikuangalia bunduki. Niliangalia macho ya Kalenga, maana bantu bote walikuwa banamusifu yeye. Macho yake ilikuwa kwa ile ya kung'ara, njo nikaikamata.

Kartushi zetu za kujaza na mikono zilikuwa zinakwama ndani yake. Ile ya waya ilizikubali zote. Kalenga alikuwa anarudi na kanga, ananigawia. Ile nyama ilinichoma kuliko njaa.

Jaribu kartushi zako mu zote mbili, usiangalie macho ya muntu.

Juzi Kalenga akaniambia: "Ile siku niliangalia ya kung'ara makusudi, mudogo yangu. Nilikuwa nakujua."

Sasa ninamuonea wivu hata ile akili.

Nkambo wako,
Musonda