Kamba Iliyozunguka Kuba

Ganjoni, Mombasa
14 Oktoba 1996

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Hadi,

Shikamoo, Baba. Natumai barua hii itakukuta hapo Lamu, kwa dada Mwanakuu, kifua kikiwa kimepata nafuu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Nyumba yako ya Kibokoni naifungua kila Ijumaa ipate hewa. Wazee wa barazani wanakusalimu, ingawa wapo wanaobadili mazungumzo nikikutaja, nami huwachukia bure.

Mwanakuu ameniandikia kwamba mwiko wako wa uashi umempa jirani, na kila mgeni unamwambia ni wewe uliyemuua kibarua wako Kadenge. Nisikilize, Baba.

Kuba la ule msikiti mdogo lilipopasuka, uliamua kulifunga ukanda wa chuma. Ulizungusha kamba ukingoni, ukapiga fundo, ukanipa nihesabu futi nimwandikie mfua chuma. Ulisema kamba haikwenda skuli lakini haisemi urongo. Ukanda ulikuja ukapwaya, ukasema macho yako yamekwisha. Kamati haikutaka kungoja mwingine kwa kuwa Ramadhani ilikuwa mlangoni, ukajaza kabari. Siku ya tatu ufa ukafunguka, na Kadenge yuko chini anapiga lipu, kuba likamwangukia.

Wiki jana nilisoma kitabuni kwamba anga lenyewe limepinda karibu na jua, na penye mpindo duara haliifuati kanuni tunayofundisha. Sikuamini. Nikachukua kifuu jikoni, nikapima kwa uzi kutoka kileleni hadi ukingoni, kisha nikauzungusha ukingoni. Mzingo ulikuwa mfupi kuliko hesabu yangu. Nilirudia mara tatu, mwisho nikakaa chini nikalia.

Baba, kamba yako ilitoa futi arobaini na moja na nusu. Mimi, mwalimu wa hisabati, nikaona umekosea. Kutoka kileleni kushuka mgongoni mwa kuba hadi ukingoni ni futi saba, na kwa kanuni ya darasani mzingo wake ni arobaini na nne. Niliona haya mfua chuma asije akakucheka, nikaandika arobaini na nne. Ukanda ulipopwaya nilijiambia mfua chuma ndiye aliyekata vibaya. Ukabeba lawama, nikakutazama ukiibeba.

Jumamosi nakwenda Rabai kwa mama yake Kadenge. Sijui kama atanifungulia mlango.

Mwanakuu, najua ni wewe unayesoma. Usiruke mstari kwa kunihurumia. Mwite yule jirani, umsomee Baba tena mbele yake, kisha umwombe arudishe mwiko.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Radhi, Baba, nitakuja kuiomba kwa mdomo wangu. Kamba yako nimeitia pamoja na barua hii. Fundo sijaligusa.

Wasalaam,
mwanao, Ziad