Bafu Lililojengwa kwa Tarehe

Kwa Dada yangu mkubwa, mpendwa na mheshimiwa,

Naanza kwa kukuamkia, shikamoo, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta ukiwa mzima, bila yale maumivu ya mgongo yanayokusumbua kila unapomaliza zamu wodini. Mfikishie shemeji salamu zangu za heshima, na umwambie kwamba miwani aliyoisahau juu ya friji iko salama. Wapwa zangu nao uwaambie mjomba wao anawakumbuka, hasa yule wa mwisho, aliyeniagiza nimwandikie barua ya kumwomba radhi mwalimu wake. Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, tena hajambo kwa namna ambayo itanibidi niieleze kwa kirefu huko mbele, na nakuomba uniwie radhi iwapo maelezo yatazidi kurasa mbili.

Nimeipokea barua yako fupi ya juzi, ambayo ndani yake umenipongeza kwa picha ya bafu niliyokutumia. Umeandika kwamba hukutegemea, na kwamba unajivunia mimi. Kwamba sakafu imesawazishwa vizuri kuliko ya hospitalini kwenu. Na kwamba Jumamosi utakuja kuikagua, na ikiwa ni kama inavyoonekana, Mama atabaki nyumbani kwake. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nikaona aibu, na mara ya tatu nikaamua kwamba siwezi kukuacha usafiri hadi hapa kabla sijakuarifu mambo yalivyokwenda, tangu mwanzo.

Unaikumbuka mwenyewe siku ile uliposimama mlangoni pa bafu ambamo Mama aliteleza na kuumiza nyonga. Uliyatazama maji yaliyotuama pembeni, ukaitazama lipu iliyokuwa ikimomonyoka kwa unyevu, ukakitazama kizingiti kilichofika nusu ya goti, kisha ukatoa uamuzi mbele yetu sote: mwezi ukiisha bafu likiwa bado hivi, unamchukua Mama akaishi kwenu ghorofa ya tatu, na hadi siku hiyo asiguse hata ufagio. Mimi nikaahidi kulitengeneza. Mama hakusema neno, nawe ukadhani amekubali. Ulipoondoka aliniambia jambo ambalo wakati ule sikuthubutu kukuandikia. Alisema, "Kwa dada yako nitapendwa, najua. Lakini nitakuwa mtu wa kuulizwa kila siku kama nimekula."

Basi nikaanza kazi kwa njia ninayoijua. Mafundi wote wa mtaa wetu walikuwa wamechukuliwa kwenye lile jengo la ghorofa linalojengwa nyuma ya kituo cha mafuta, na hakuna aliyeweza kutoka kabla ya miezi miwili. Nikaona kwamba ikiwa siwezi kuipata mikono yao, naweza walau kuupata ushauri wao. Mtu aliyekaa na meza yake nje ya ofisi ya ardhi miaka kumi na tisa, akiwaandikia watu maombi, wala hakuna ombi lake hata moja lililorudishwa kwa kosa la mpangilio, hashindwi kuomba ushauri. Niliandika barua tatu zenye vichwa vya habari: ya kwanza kwa mpaka rangi, jirani yetu, ya pili kwa yule mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na ya tatu kwa mwashi anayeitwa Pimamaji, kwa kuwa hata akisimama kuzungumza nawe huinamisha kichwa upande kutazama kama umesimama wima. Nikafungua na daftari la kusajili majibu, lenye safu ya namba, tarehe ya kupokelewa, cheo cha mshauri, na hatua iliyochukuliwa.

Mpaka rangi alijibu jioni ile ile, kwa mdomo, akiwa nje ya dirisha letu. Alisema kwamba kwa barua nzuri namna ile alidhani anaitwa mahakamani. Akanishauri nipige msasa, nipake rangi ya mafuta mara mbili, na niiache ikauke. Nikasajili namba moja. Nikapiga msasa, nikapaka. Dada, bafu lilipendeza, la buluu kama jalada la daftari jipya.

Siku ya nne akajibu mama mwenye duka. Aliniuliza kwanza kama nimeshapata mchumba, maana mwanamume anayeandika "naomba kuwasilisha" kwa ajili ya mfuko wa saruji, alisema, si wa kuachwa peke yake. Kisha akanielekeza kuhusu sakafu: niivunje ya zamani pamoja na kile kizingiti, nichanganye saruji na mchanga uliochekechwa, moja kwa tatu, na nisisahau dawa ya kuzuia maji yasipenye. Namba mbili. Nikavunja, nikachekecha, nikachanganya, nikamwaga, nikasawazisha kwa ubao hadi pakawa laini kama juu ya meza yangu.

Pimamaji hakujibu hadi siku ya kumi na tano, kwa sababu, kama alivyoeleza, barua yangu ilikaa siku nyingi katika mfuko wa suruali yake ya kazi na ikafuliwa. Ushauri wake ulikuwa kwamba lipu yote ya chini, hadi usawa wa kiuno, imelowa na haifai. Niigonge yote na kupiga mpya kabla ya jambo jingine lolote. Namba tatu. Nikashika patasi na nyundo. Lipu ilianguka vipande vipande pamoja na rangi yangu ya buluu, juu ya sakafu yangu ambayo haikuwa imemaliza hata wiki, ikaitoboatoboa. Kesho yake Pimamaji alipita kuangalia. Alisimama mlangoni, akaomba aonyeshwe daftari, akalisoma safu kwa safu. Kisha akasema kwa upole, "Karani, bafu hili umelijenga kwa tarehe."

Nilimweleza kwamba majibu hushughulikiwa kwa kufuata yalivyopokelewa, na kwamba ofisi yoyote ingefanya hivyo hivyo. Alikubali kwamba ofisi ingefanya hivyo. Alicheka hadi akaketi juu ya mfuko wa mchanga. Mpaka rangi akasikia, akaja kucheka naye. Na habari zikamfikia mama mwenye duka kabla chai yake haijapoa. Kwa siku mbili kila niliyekutana naye njiani aliniuliza kama nimevaa viatu kwanza au soksi.

Hayo ningeyavumilia. Ila nilipomwaga ndoo ya maji ili kuosha vumbi, maji hayakwenda kwenye tundu lake. Yalisimama kidogo kama yanayotafakari, yakageuka, yakapita pale kilipokuwa kizingiti, yakafuata ukumbi na kuingia chumbani kwa Mama hadi chini ya kitanda. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Niliketi jikoni, mwiko wa lipu mkononi, nikawa natunga kichwani barua ya kukuomba utuongezee mwezi mmoja. Ndipo niliposikia mkongojo wa Mama ukigonga sakafu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na nitaliandika bila kulizungusha. Sakafu uliyoisifu si kazi yangu, Dada. Lipu si kazi yangu. Hata ile barua niliyokuandikia kwamba kazi inaendelea vizuri "chini ya mikono yangu" haikuwa ya kweli. Ni kazi ya Mama.

Alifika nyayo zake zikiwa zimelowa, akalitazama bafu, akanyoosha mkono akidai mwiko. Nilimkumbusha agizo lako, kwa heshima na kwa kirefu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyotoka: "Baba yenu alijenga kuta za nyumba hii. Lipu nilipiga mimi, dada yako akiwa mgongoni. Miezi mitatu nimekaa kwenye kiti naangalia mikono yangu. Maji hayasomi daftari, mwanangu, yanataka pa kushukia. Nipe huo mwiko, au nenda kaandike barua uniache na kazi yangu."

Mimi nilikuwa sijui. Sidhani kama nawe ulijua. Niliandika barua tatu za kuomba ushauri, na yule aliyelala chumba cha pili, ambaye mikono yake imo ndani ya kila ukuta wa nyumba hii, sikumwandikia hata mstari mmoja.

Nilimpa.

Alianza kwa kunifungisha chuma cha kushikia ukutani, na nilipokipima kwa bega langu aliniuliza ni nani kati yetu anayeteleza. Kikashushwa hadi begani kwake. Kisha lipu. Siku mbili aliipiga akiwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, mimi nikisimama nyuma yake nimetandaza mikono kama anayesubiri sinia lianguke. Siku ya tatu aliinuka, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye mwiko, akaniambia nimpishe, namzibia mwanga. Sakafu niliimwaga upya mimi kwa amri zake. Alinivutisha kamba kutoka kila pembe hadi kwenye tundu, akanipa chupa ya maji iliyojaa nusu niilaze juu ya ubao, ili nione kwa macho yangu upande gani unashuka. Alisema nakoroga saruji kama nakoroga uji wa mgonjwa. Kumalizia kuzunguka tundu alimalizia mwenyewe, kutoka kitini, kwa mwiko uliofungwa kwenye mpini wa ufagio. Ndiyo, Dada, ufagio pia aliugusa.

Jioni mafundi walikuwa wakipita kutoka kazini kuja kumtazama. Mpaka rangi alikaripiwa kwa kunishauri rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi, akaitikia kama mtoto wa shule, akarudi na brashi zake kuirekebisha. Pimamaji aliulaza ubao wake wa kupimia ukutani, mara moja, mara mbili, akauliza kama Mama angekubali kwenda naye kwenye jengo la ghorofa. Mama akamwuliza atakuwa chini ya nani. Pimamaji akafikiri, akajibu kwamba hapo ndipo penye shida. Walicheka wote, na Mama alicheka kicheko ambacho sijakisikia humu ndani tangu Baba alipofariki.

Jumanne tulikwenda kliniki. Yule bwana wa mazoezi, aliyekuwa akilalamika kila wiki kwamba Mama hafanyi lolote analoelekezwa, alikuta nyonga imeacha kukakamaa na mguu una nguvu. Akauliza ni zoezi lipi alilofuata. Mama akajibu kwamba alifuata yote. Mimi nilinyamaza, na ukimya huo nao nauungama.

Kuhusu picha: miguu inayoonekana pembeni ni yangu, naye Mama alikuwa nyuma ananawa saruji mikononi. Hakuniomba nikufiche. Nilificha mwenyewe, kwanza kwa kukuogopa, na baadaye, ulipoandika kwamba unajivunia mimi, kwa sababu maneno hayo yalikuwa matamu nikataka nikae nayo siku moja zaidi. Nimekaa nayo siku mbili. Sasa nayapeleka kwa mwenyewe.

Naomba kuwasilisha, kwa unyenyekevu wote, kwamba agizo lako lilivunjwa na mimi niliyetoa mwiko, na adhabu yake iwe juu yangu. Ukipenda kunikaripia mbele ya mtaa mzima, nitakuletea kiti. Ila usimwondoe Mama hapa kwa kosa langu. Asubuhi anaoga mwenyewe, mlango ameufunga, na mimi nikiwa jikoni namsikia akiimba. Maji yanakwenda yote kwenye tundu. Mkongojo anautumia zaidi kunionyesha ninachotakiwa kufanya.

Nimemsomea Mama barua hii yote kabla ya kuifunga. Amenifutisha sentensi mbili zilizomsifu, akasema ina maneno mengi kwa ombi dogo, na kwamba yeye haombi: nyumba ni yake na anakaa. Kisha akanipa ujumbe wake nikuandikie neno kwa neno, nami natii: "Mwambie Jumamosi aje na nguo za kuchafua. Ukuta wa jikoni nao umelowa, na kibarua niliye naye hapa mikono yake ni ya kalamu."

Pokea salamu za mpaka rangi, za Pimamaji, na za mama mwenye duka, ambaye amekwishaweka pembeni mifuko miwili ya saruji kwa jina lako.

Ndimi mdogo wako mtiifu, mwenye saruji chini ya kucha,

Karani wa nyumbani kwa Mama.