Mlima Umefungwa, Yotham Hajarudi

Shangazi Shenaz, shikamoo. Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijachanganyikiwa, na tafadhali usinicheke, maana hapa Makutupora wameshanicheka vya kutosha.

Naitwa Anyesi, nina shamba la zabibu aliloniachia marehemu baba, na nina mchumba anaitwa Yotham ambaye alisomea mambo ya hoteli akapata kazi Austria, kwenye mlima wa theluji ambako watu hupandishwa juu kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya halafu wanashuka kwa kuteleza, yaani wanalipa ili wateleze, na kazi yake ni kuwakalisha kwenye hivyo viti. Mahari ilishatolewa, na siku hiyo baba, akiwa bado hai, akaonyesha mkasi wa kupogolea mbele ya wazee akamwambia, "Mkwe wangu, ukirudi, tawi la kwanza utakata wewe," kwa sababu kwetu ndivyo tunavyomwingiza mkwe shambani, na asipokata ni kama hajaingia nyumbani.

Yotham alisema mlima unafunguliwa Desemba na unafungwa theluji ikiisha, karibu na Pasaka, na ukifungwa tu anapanda ndege. Basi Shangazi, nikaanza kuishi na huo mlima. Mwaka wa kwanza Pasaka ilichelewa, wakubwa wake wakasema hawafungi mpaka wageni wa sikukuu waondoke, wakawa wanatengeneza theluji kwa mitambo, wala sikuwa najua kwamba theluji inatengenezwa, na walipofunga wakambakiza kukarabati nyaya mpaka msimu mwingine ukafunguliwa. Mwaka uliofuata theluji ilianguka kama wamelogwa, wakaongeza muda, na nyaya zikamngoja tena. Mlima wenyewe una kamera unayoweza kuiangalia kwenye simu, nami kila asubuhi kabla sijanawa uso naangalia, naijua hali ya hewa ya kule kuliko ya Dodoma, na Mungu anisamehe, nimeomba jua liwake theluji yote iyeyuke, wakati najua kuna watu wanakula kwa hiyo theluji. Siku moja alipita mtu kwenye kamera amevaa koti la rangi ya chungwa, nikaona mwendo ni wa Yotham kabisa, nikaibusu simu katikati ya soko la Majengo watu wananitazama. Nimemkumbuka Shangazi, nimemkumbuka mpaka naumwa.

Kumbe mwaka huu theluji imeisha mapema, wakatangaza kufunga mwezi wa tatu, nikaona kwa macho yangu viti vimesimama na majani yametokeza. Nikafua mapazia, nikamwona mchungaji ili tutangazwe kanisani. Yotham akanitumia sauti: "Mpenzi, wamenipa nafasi mlima mwingine, mrefu kuliko huu, kule barafu haiishi, nimekubali." Nikamjibu sawa.

Na zabibu ndizo zinazoniumbua. Kila mwaka nachelewa kupogoa nikimngoja, nikija kukata wenzangu wameshachukua vibarua wote, na zangu zinaiva mvua imeshaanza, zinaozea kwenye matawi. Safari hii sijakata hata tawi moja. Mama ananiambia, "Wewe Anyesi, tangu lini zabibu zikasubiri theluji?" Lakini nikishika mkasi mikono inagoma, naona nikikata mwenyewe nitakuwa nimemfungia Yotham mlango. Nimngoje au nikate?

Anyesi, Makutupora

* * *

Marahaba, Anyesi mwanangu.

Kucheka nimecheka, hapo kwenye kuibusu simu, halafu nikatafuta leso. Kumpenda mtu aliye mbali si ujinga hata kidogo. Ujinga wako uko kwingine, na leo nitakusema.

Mlima haufungwi na theluji. Umeniandikia mwenyewe: theluji ilipopungua, wakubwa wakatengeneza nyingine kwa sababu wageni walikuwepo. Wenye mlima wanakaa, wanaangalia hali ya hewa, wanaangalia sikukuu, wanaamua tufungue lini na tufunge lini. Ni uamuzi wa watu. Na Yotham naye ni mtu! Mwezi wa tatu mlima ulifungwa, njia ikawa wazi, mwenzio akachagua mlima usiofungwa. Simwiti mtu mbaya, huenda kazi ameipenda. Lakini wewe ukamjibu sawa. Sawa ya nini, mwanangu?

Kesho uamke, uiache hiyo kamera, utafute vibarua upogoe shamba lote. Marehemu baba alikuwa anamkaribisha mkwe, hakusema shamba life likimngoja. Akirudi, matawi yatakuwepo, atakata msimu huo. Wala usije ukambakizia mstari mmoja kule uzioni, maana nakujua sasa.

Halafu Jumapili mkitoka kanisani, mpigie Yotham simu ya video, umwone uso, na mama yako awe amekaa pembeni. Usimuulize mlima unafungwa lini. Wala usimuulize habari za tiketi. Muulize hivi: "Yotham, unataka kurudi?" Kisha unyamaze. Usimsaidie kujibu, usimwambie najua kazi ni ngumu, usicheke ili kupunguza uzito. Nyamaza tu.

Najua kwa nini hujawahi kumuuliza. Ukimuuliza "lini?", jibu lolote atakalotoa, unabaki na mchumba. Hilo swali lingine linaweza kukuacha bila mtu, na unaogopa. Hata mimi ningeogopa, tena sana.

Akisema ndiyo, ataje tarehe hapohapo, nawe umpelekee mchungaji. Akisema hapana, amekuheshimu, umwache aende. Na akianza tena habari za barafu, Anyesi, hilo nalo ni jibu. Kata simu, ulie. Mama yako yupo hapo pembeni.

Shangazi Shenaz