Makala Isiyo na Jina

Jihlava, 6 Mei 1990

Mdogo wangu Zdislava,

Pokea salamu zangu nyingi, zikukute mzima wewe, shemeji na watoto. Kile kifua kimepona? Huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini jana alipika bata na kabichi, akaniwekea paja, kisha akasema ungekuwepo wewe lingekuwa lako. Hata bata, Zdislava!

Uchaguzi ni mwezi ujao. Watu wa mji huu, ambao mpaka Novemba, utawala wa Kikomunisti ulipoanguka, walinong'ona hata kwenye foleni ya nyama, sasa wote ni wasemaji. Nami wameniweka kwenye orodha ya wagombea. Usicheke. Wameniweka kwa sababu ya ile makala yako kuhusu taifa letu.

Uliandika kwamba baada ya vita, tulipowatoa majirani zetu Wajerumani majumbani mwao, watoto na vikongwe, bila kuuliza nani alikosa nini, tulijizoeza kuishi bila sheria; na zamu yetu ya kuonewa ilipofika, hatukuwa na sheria ya kushika. Ukauliza: Mcheki ni yule anayesema Kicheki tu, au ni raia anayetetea haki ya hata asiyempenda? Uliponiachia daftari lile mwaka 1980, siku moja kabla ya kuvuka mpaka na kukimbilia Vienna, uliniambia, "Kaka, ichape, na jina langu uliweke. Mimi siogopi tena."

Nilichapa nakala kumi na mbili kwa taipureta na karatasi za kaboni. Jina sikuliweka. Nilikupelekea habari kwamba namkinga Mama na polisi. Nakala zikapita mkono kwa mkono, na kwa kuwa zilitoka kwangu, watu wakaamini ni kazi yangu. Sikusema ndiyo. Nilitabasamu tu.

Alhamisi tulikuwa na mkutano. Řehoř, yule mwuza nyama, akasimama akasema, "Bohumír, kwa hiyo baba zetu walikuwa wezi? Nyumba ninayolala ilikuwa ya Mjerumani. Nirudishe na kitanda?" Watu wakaangua kicheko. Kabla sijajibu, Bi Hermína, aliyekuwa mkutubi, akainuka na nakala iliyochakaa. Akasema jirani yao alikuwa msichana aitwaye Trude, na siku walipokuja kumchukua na wazazi wake, yeye Hermína alifunga pazia. Miaka yote hakumwambia mtu, mpaka aliposoma kurasa zile. Akaja mbele, akanishika mkono akilia, akanishukuru.

Nilishindwa kuzipokea shukrani zile. Nikasema makala si yangu, ni ya dada yangu. Řehoř akauliza, "Sasa wewe umeandika nini?" Nikajibu kwamba nilichapa. Alicheka mpaka akakohoa. Bi Hermína akaniachia mkono, polepole, wala si kwa ubaya, akauliza, "Na yeye anarudi lini?" Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza jambo langu tena. Ni Zdislava anaishije, Zdislava anafikiri nini, Zdislava atakuja kuzungumza nasi kabla ya kura? Nikaahidi kukuandikia.

Sasa nikuungamie. Mama sikumkinga na lolote. Nilipofika ukurasa wa mwisho, kidole kikiwa juu ya herufi Z, nilimkumbuka Baba akiita wageni wasikilize insha zako, mimi akinituma chini nikalete makaa. Ulikuwa umekwisha kuondoka, na bado ulikuwa umekalia kiti changu. Nikasema moyoni, hii moja iwe bila yeye. Nikaitoa karatasi kwenye mashine.

Usidhani kusema kweli kumeniponya. Hata nilipokuwa nakiri mbele ya watu, nilitumaini watanisifu kwa ujasiri wangu. Wakakusifu wewe. Barua hii ni ya tatu. Katika mbili za kwanza nilikuandikia usije, kwamba safari ni ndefu na Mama atashtuka. Nimezichana.

Mkutano ujao ni Jumamosi, tarehe 2 Juni. Njoo. Nitakutambulisha kwa jina lako lote, nikupishe jukwaani. Ila siku hiyo usinitazame sana usoni, maana sijui kama nitakuwa nimekwisha kukusamehe kosa ambalo hukunikosea.

Mama anakubusu, anasema watoto uje nao. Msalimie shemeji.

Kaka yako,
Bohumír