Salima juu ya farasi

Butembo, siku ya ine, mangaribi

Salima amenikasirikia, na ana haki.

Tulitoka Beni ili mutoto apande farasi, tunalala kwa ndugu yangu. Miguu yake imekazana tangu alipozaliwa, mais akikaa mugongoni mwa farasi inalegea kidogo kidogo. Leo Mama Kavira, mwenye kumufundisha, alikuwa anashika kamba na kumuzungusha polepole kiwanjani. Mara kamiyo moja ikapiga honi barabarani. Farasi akasimama tu, masikio juu. Mimi nikaruka uzio, nikamushusha Salima kwa nguvu. Akapiga makelele mbele ya wazazi bote walioleta watoto wao.

"Papa, farasi hakuogopa! Ni wewe uliogopa!"

Mama Kavira akaniambia taratibu: "Papa Salima, ukisikia kelele hapa, simama. Ukikimbia, farasi naye atakimbia."

Simama! Mutu wa kwetu akisikia mulio, anabeba mutoto anakimbia. Tulipokimbia vita Kalunguta, nilitembea na Salima mugongoni mpaka asubui. Tangu ile siku nilifikiri hakuna mugongo mwingine unaoweza kumubeba.

Nilitaka turudi kwetu Bungulu, kule Beni, kesho. Nilipomupelekea chai, akauliza bila kuniangalia:

"Kesho nitapanda?"

Nikasema ndiyo. Donc nitasimama nyuma ya uzio, mikono mifukoni. Sijui kama nitaweza. Kamiyo zinapita pale siku nzima.